Mchango usio na tarehe

Sisi Wabongo kwa michango hatuna mpinzani. Ukipewa kadi ya harusi leo, wiki ijayo mweka hazina keshakupigia simu kukumbusha ahadi yako. Kuna kamati, kuna vikao, kuna siku ya mwisho ya kulipa. Ninachojiuliza ni kuhusu hiyo siku ya mwisho. Michango yetu mingi ina tarehe: harusi, msiba, arobaini. Shughuli ikipita, kamati inavunjwa.

Sasa ngoja niwape kisa cha mchango ambao haukuwa na tarehe.

Mwaka 1936 madaktari wa Uingereza walianzisha chombo kilichoitwa Empire Rheumatism Council. Mwenyekiti wake alikuwa daktari maarufu, Lord Horder. Kazi yake ilikuwa kutafuta fedha za kutafiti baridi yabisi na maradhi mengine ya viungo.

Haikuwa kazi rahisi. Kifua kikuu kiliua, polio ilipoozesha watoto, na watu walitoa fedha kwa hofu. Baridi yabisi haitishi hivyo. Inakukunja vidole taratibu, na majirani wanasema ni uzee tu. Shangazi yangu aliacha cherehani akiwa na miaka 40 na kitu. Mtaani wakasema kapigwa na baridi, basi, yakaisha.

Waingereza hawakuvunja kamati. Mwaka 1964 chombo kikabadili jina kuwa Arthritis and Rheumatism Council, lakini watu wa kujitolea mitaani waliendelea kuchangisha, na wengine waliacha fedha kwenye wosia. Sehemu ya fedha hizo iliendesha Kennedy Institute, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya viungo iliyofunguliwa London mwaka 1966.

Wanasayansi wawili, Marc Feldmann na Ravinder Maini, wakaishuku protini moja iitwayo TNF. Mwili huitumia kupambana na maradhi, ila ikizidi inawasha moto kwenye viungo. Mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross, wakawapa wagonjwa wa kwanza dawa ya kuizuia. Maumivu na uvimbe vikapungua ndani ya wiki chache. Mwaka 2003 wawili hao wakapewa tuzo ya Lasker. Dawa ilitengenezwa na kampuni ya Marekani, Centocor, lakini utafiti ulioonyesha adui ni nani ulibebwa na fedha za hisani.

Toka 1936 hadi 1992 ni miaka 56. Mama aliyetoa shilingi yake mwanzoni (nao walikuwa na shilingi enzi hizo) huenda alizikwa bila kuiona dawa hiyo. Alitoa hivyo hivyo.

Kuna atakayesema hayo ni ya matajiri. Sikubali. Kenya, baada ya uhuru wa mwaka 1963, wanavijiji walichangishana kwa jina la Harambee wakajenga shule nyingi tu. Uwezo wa kuchanga tunao. Dawa hizo za viungo bado ni ghali mno kwa mtu kama shangazi, na hakuna kamati inayokaa kikao kwa ajili yake.

Wenyeviti tunao, waweka hazina tunao. Je, tuko tayari kuchangia jambo ambalo pilau yake hatutaila sisi?