Maji ya Musoma, Sahihi ya Cairo

Tarehe 7 Mei 1929, mjini Cairo, Uingereza na Misri zilibadilishana barua kuhusu maji ya Nile. Uingereza iliahidi kwamba katika nchi ilizokuwa ikizitawala hautafanywa mradi wowote kwenye mto huo, wala kwenye maziwa unakotoka, ambao ungepunguza maji ya Misri, mpaka Misri yenyewe iridhie. Ziwa Victoria lilikuwamo. Mvuvi wa Mwigobero, Musoma, hakuulizwa, wala mkulima wa pamba wa Bunda.

Mwaka huo mtoto mmoja wa Chifu Burito wa Butiama alikuwa na umri wa miaka saba. Miaka mitano baadaye alianza shule Mwisenge, Musoma, kisha akaenda Tabora, Makerere na Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Shahada yake iliitwa M.A., ingawa kwa desturi ya Scotland hiyo ni shahada ya kwanza. Wala haikuwa ya sheria.

Hata hivyo, jina lake, Julius Nyerere, limo katika vitabu vya sheria za kimataifa. Desemba 1961 serikali yake ya Tanganyika huru iliuandikia Umoja wa Mataifa kueleza msimamo juu ya mikataba ya mkoloni: ile iliyofungwa kati ya nchi mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tu, ili ipitiwe mmoja mmoja. Ambao usingefanyiwa makubaliano mapya ungekufa, isipokuwa ule ambao sheria za kimataifa zenyewe zingeuweka hai. Wanasheria huuita msimamo huo Kanuni ya Nyerere. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua za 1929 haziifungi.

Kuandika barua ni jambo moja, kuwa na watu wa kuitetea ni jingine. Mwanasheria Mkuu wa kwanza baada ya uhuru, Roland Brown, alikuwa Mwingereza. Kazi ya kuwaandaa watu hao ilikuwa ndiyo kwanza imeanza: chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam, Oktoba 1961, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wake hawakutimia hata ishirini.

Mwaka 1965 Brown alimwachia nafasi Mark Bomani, Mtanzania Mwafrika wa kwanza kuishika. Alikuwa mtu wa Mara, mdogo wa Paul Bomani aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1976 akampisha Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda, mkoa huohuo. Mkoa ambao haukuwa na darasa hata moja la sheria ukatoa Wanasheria Wakuu wawili mfululizo.

Warioba alihitimu Dar es Salaam mwaka 1966, kisha akaongeza masomo katika Chuo cha Sheria za Kimataifa cha The Hague. Elimu ile haikukaa kabatini. Aliongoza ujumbe wa Tanzania katika mazungumzo marefu ya sheria ya bahari, yaliyozaa mkataba wa 1982, na mwaka 1996 akawa miongoni mwa majaji 21 wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg. Mtu wa maji baridi, akaamua kesi za maji ya chumvi.

Kesi iliyoipa mahakama hiyo jina ilikuwa ya biashara hasa. Meli ya mafuta Saiga, yenye bendera ya St. Vincent, ilikamatwa na Guinea Oktoba 1997 baada ya kuwauzia mafuta wavuvi baharini. Tarehe 1 Julai 1999 majaji 18 waliiamuru Guinea ilipe dola 2,123,357. Wawili walipinga, na Warioba alikuwa mmoja wao. Usajili wa muda wa Saiga ulikuwa umekwisha kabla haijakamatwa, na hati ya kudumu ikatolewa baadaye. Sasa bendera ile ilikuwa ya nani?

Bomani naye alirudi kwenye mikataba uzeeni. Novemba 2007, baada ya kelele juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliotiwa sahihi London, Rais Kikwete alimpa kamati ya kupitia sekta ya madini. Kazi yake ilifuatwa na Sheria ya Madini ya 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, nao ukahesabiwa kwa thamani ghafi.

Kuhusu Nile, Tanzania ilitia sahihi mkataba mpya Entebbe tarehe 14 Mei 2010, na ukaanza kutumika Oktoba 2024. Misri haimo.

Chuo kikuu chenye jina la Mwalimu Nyerere, huko Butiama, ni cha kilimo na teknolojia. Kijana wa Musoma anayetaka uzamili wa sheria za biashara ya kimataifa bado anakata tiketi ya basi la mbali.