Kigeuzi cha Dijitali Kwenda Analojia

CD imebeba namba tupu. Kila sekunde ya muziki, kwa kila chaneli, ina sampuli 44,100, na kila sampuli ni namba ya biti 16, yaani mojawapo ya ngazi 65,536. Spika nayo haijui namba; inataka umeme unaopanda na kushuka mfululizo. Kijenzi kinachopokea namba na kutoa umeme huo ndicho kigeuzi cha dijitali kwenda analojia. Istilahi ni ndefu lakini inajieleza, kwa kuwa Afrika Mashariki ilizoea maneno hayo televisheni zilipohama kutoka analojia kwenda dijitali. Hapa safari ni ya kurudi. Hoja yangu ni kwamba vigeuzi bora vya miaka ya 1980 vingali vinatoa sauti safi kwa sababu vilisanifiwa kwa kutambua kwamba vijenzi vina kasoro na vitazeeka.

Ushahidi ni TDA1540 ya kampuni ya Philips, iliyotumika katika mashine zake za kwanza za CD. Wakati mashine ya CD ya Sony, CDP-101, iliyoingia sokoni Japani Oktoba 1982, ilikuwa na kigeuzi cha biti 16, hiki cha Philips kilikuwa cha biti 14, chenye ngazi 16,384 tu. Ukihesabu harakaharaka utasema robo tatu ya ngazi imepotea. Lakini kabla ya namba kukifikia, kichujio cha dijitali kilizidisha kasi ya sampuli mara nne, hadi 176,400 kwa sekunde, na makosa ya ukadiriaji yakasukumwa kwa wingi juu ya masafa ambayo sikio la binadamu husikia. Ndani ya kigeuzi chenyewe, mikondo ya umeme iliyopaswa kulingana ilibadilishana nafasi kwa kasi, hata tofauti ndogo kati yake zikafutana. Usahihi wa namna hiyo hautegemei rezista iliyorekebishwa kiwandani, ambayo huweza kubadilika kadiri miaka inavyopita. TDA1541 ya mwaka 1985 ilifikisha mbinu hiyo kwenye biti 16.

Wapo watakaosema kwamba vigeuzi vya leo hupimwa na kuonekana bora zaidi. Ni kweli: kelele na upotoshaji wake ni mdogo zaidi. Hata hivyo, CD yenyewe ina upeo wa takriban desibeli 96, na kigeuzi kinachoukaribia hakiachi mengi ya kuongezwa, hasa spika zinapopotosha sauti zaidi kuliko kigeuzi chochote kizuri. Wengine wanadai kwamba vya zamani vina utamu usiopatikana tena. Dai hilo linahitaji ulinganisho wa haki: mashine mbili zilizosawazishwa kiwango cha sauti, msikilizaji asijue ipi inapiga, kwa sababu iliyo juu kidogo tu huonekana nzuri zaidi. Tena baada ya kigeuzi kuna vikuza sauti na vichujio vya analojia, navyo vina mchango wao katika kile kinachoitwa utamu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mashine hizi zinakufa. Zinakufa, lakini mara nyingi kinachochoka ni leza, kapasita, mikanda na gia. Kwa hiyo fundi anayeletewa mashine ya CD ya miaka hiyo inayorukaruka au inayokoroma aanze na hivyo, asikimbilie kukilaumu kigeuzi.