Nani Alimchora Mansa Musa?

Ile picha unaijua. Mfalme mweusi kakaa, taji la dhahabu kichwani, fimbo ya ufalme mkono mmoja, na mkono wa pili kainua donge la dhahabu kama anayemwonyesha mgeni. Mgeni mwenyewe anakuja juu ya ngamia, uso kaufunika. Imo kwenye majalada ya vitabu na huzunguka mitandaoni kila inapozuka ile hoja ya nani alikuwa tajiri kuliko wote duniani. Jina la aliyeichora, mara nyingi, halipo.

Imekatwa kutoka kwenye ramani. Inaitwa Atlasi ya Kikatalani, ya mwaka 1375, kazi ya kisiwa cha Majorca, na leo imetunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Haina saini. Mwaka wake tunaujua kwa sababu umetajwa katika hesabu za kalenda zilizomo ndani yake.

Basi jina lilitoka wapi? Lilitoka kwenye barua za ufalme wa Aragon, uliotawala kisiwa hicho. Humo anatajwa mtu mmoja, Cresques Myahudi, bingwa wa ramani za dunia na dira. Mwaka 1381 mwana wa mfalme, Joan, alitaka kumpelekea mfalme wa Ufaransa ramani ya dunia, na barua yake inamtaja Cresques kuwa ndiye aliyeitengeneza. Hapo wengi hufunga faili. Lakini subiri: orodha ya vitabu vya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1380 tayari ina ramani ya Kikatalani. Ikiwa hiyo ndiyo yetu, basi barua ya Joan inahusu ramani nyingine, na ushahidi unabaki wa mazingira tu.

Mimi naukubali hata hivyo. Fundi wa hadhi hiyo, mahali hapo, miaka hiyo hiyo. Kumtafuta mwingine ni kujitaabisha.

Shida ni namna tunavyomwita. Vitabu vingi vinasema "Abraham Cresques", na hapo msomaji wa Kiswahili anaweza kuwasaidia mabingwa. Nyaraka zinasema Cresques Abraham, yaani Cresques wa Abraham, kama sisi tunavyosema Juma Athumani. Ukigeuza ukamwita Athumani Juma, umemwita baba yake! Hivyo ndivyo tulivyomfanyia kwa miaka mingi.

Jina lake kamili kaliandika mwenyewe, ila si kwenye ramani. Kuna Biblia ya Kiebrania inayoitwa Biblia ya Farhi, kwa jina la familia ya Dameski iliyokuja kuimiliki baadaye. Ndani yake aliyeinakili anajitambulisha: Elisha mwana wa Abraham, aitwaye Cresques, aliyezaliwa 1325. Anasema aliianza 1366 akaimaliza 1382. Hesabu kidogo: 1375 iko katikati. Kama ni yeye, basi ramani na Biblia zilikuwa mikononi mwake kwa wakati mmoja, moja ya kwenda kwa wakubwa wa Kikristo, nyingine ya kwake nyumbani.

Na ukiziweka pamoja utashangaa. Biblia imejaa nakshi za kurasa nzima, vyombo vya hekalu, mahema, Yeriko na kuta zake kama mzingo wa njia. Watu hakuwachora. Kwenye ramani kawajaza: wafalme, wapanda ngamia, msafara mzima. Mtafiti Katrin Kogman-Appel ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2020, akizisoma kazi hizi kuwa za mtu mmoja, msomi na si fundi wa brashi tu. Nadhani hapo ndipo penye uhondo: aliyetupa sura ya Mansa Musa hakuwahi kumwona. Alizaliwa mwaka mmoja tu baada ya Musa kupita Misri na dhahabu yake akienda Hija mwaka 1324. Kilichomfikia Majorca ni habari tu.

Elisha alifariki 1387. Mwanawe Jafuda naye alikuwa mchora ramani. Mwaka 1391 mtaa wa Wayahudi kisiwani ulivamiwa; Jafuda akabatizwa, na tangu hapo nyaraka zinamwita Jaume Ribes.