Buyenzi Katika Msukosuko wa Mwaka wa 1995

Mtaa wetu wa Buyenzi, waliowekwa na Wabelgiji humo Waislamu na wageni waliotoka Tanganyika na Kongo, nyumba zake zimeshikana ukuta kwa ukuta, na katika ua mmoja hukaa jamaa wengi. Alipokwisha kuuawa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika, huku Wahutu, huku Watutsi. Bwiza na Buyenzi ikabaki yenye mchanganyiko. Mwishoni mwa Machi 1995, yaani Shawwal 1415, Idi haijatimiza mwezi, wanamgambo wa Kitutsi pamoja na askari waliingia mitaa hii miwili. Watu wengi waliuawa, na maelfu wakashika njia ya Uvira, magodoro vichwani.

Wahutu wa Bwiza waliondoka. Buyenzi nayo ilipungukiwa, lakini mchanganyiko wake haukwisha. Wengine husema ni ushujaa. Mimi sisemi hivyo. Aliyebisha hodi usiku alijulikana kwa jina la babaye na kwa mahali pake katika safu ya swala, na mara nyingi kabila lake halikuulizwa. Wapo waliofichwa. Wapo pia waliobisha wasifunguliwe, na hao nao twawakumbuka humu.