Reli Iliyoishia Nanyuki

Isiolo haijawahi kuwa na stesheni. Anayetaka gari moshi hupanda kwanza hadi Subuiga, akapita Timau, mpaka Nanyuki, kama kilomita 80 hivi. Hapo ndipo reli ilipokomea, na historia ya Isiolo imebanwa katika masafa hayo.

Tawi hilo la reli lilifika Thika mwaka 1913, likapanda kupitia Sagana na Karatina, likaingia Naro Moru mwaka 1927, na Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Walilitaka walowezi, wapate kusafirisha ngano na mbao zao. Kaskazini zaidi mashamba ya walowezi yalikwisha, basi reli ingemfuata nani? Kulikuwa na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia bila kibali.

Isiolo ikageuzwa mlango wa nchi hiyo. Ng'ombe wa Waborana na Wasomali walizuiliwa hapo karantini, ili homa ya mapafu ya ng'ombe isiifikie mifugo ya walowezi huko juu. (Kinga hiyo ya afya ililinda soko vilevile, tusidanganyane.) Waliopita ukaguzi waliswagwa kwa miguu kupanda mlima kuelekea reli. KMC, tume ya nyama ya Kenya, ilipoanzishwa mwaka 1950, na kiwanda chake kikiwa Athi River, ng'ombe wa kaskazini walipata mnunuzi mkubwa, ila mwendo ulikuwa uleule. Eneo la malisho la LMD, nje ya mji, bado linaitwa kwa herufi za idara ya zamani ya masoko ya mifugo.

Kisha malori yakaja. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Kenya ikabaki na kipande chake, na tawi la Nanyuki likazidi kusahauliwa hadi nyasi zikafunika mataruma. Lilikarabatiwa, na Desemba 2020 abiria wakapanda tena.

Isiolo nayo ilikwisha kuahidiwa reli yake. Machi 2012, huko Lamu, Rais Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua LAPSSET, mradi wa bandari, barabara na reli, na ramani ikaonyesha njia panda ya reli hapa: moja kwenda Juba, nyingine Addis Ababa. Bei za viwanja zikapaa. Lami ya Moyale ilikuja, uwanja wa ndege ukafunguliwa. Reli haijafika, na mbuzi wanapanda Subuiga ndani ya malori.