Garimoshi Halikufika Rongo, Waya Ulifika

Ukisimama stendi ya Rongo jioni utaona vyombo vya kila aina: matatu za Kisii na Migori, bodaboda, malori yanayokwenda Isebania mpakani, trekta za miwa zikielekea Awendo. Treni hutaiona. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Baadaye tawi likaenda Butere. Upande wetu wa kusini mwa ghuba halikuja tawi lolote. Mzigo wa Homa Bay, Kendu Bay na Karungu ulipanda meli hadi Kisumu, na huko ndiko ulikokutana na reli.

Kwa hiyo ukisema kwamba Rongo ina neno lake katika historia ya injini za mvuke, watu watacheka. Mimi nasema neno lipo, na liko mikononi mwa watoto. Mtoto aliyekulia huku hajifunzi darasani kuunda trekta ya waya. Anaokota waya, anaunyoosha kwa jiwe, anaukunja kwa meno na vidole. Magurudumu anayakata kwenye patipati zilizochakaa. Kisha anafika penye kazi ngumu, yaani trela. Trekta ya miwa inavuta mzigo nyuma, na ikipiga kona, trela lazima ifuate bila kupinduka. Mtoto anatafuta pini, anatoboa tundu, anajaribu. Pini ikibana sana, trela inakwama. Ikilegea sana, inayumba. Anajaribu tena. Hakuna aliyemwambia kwamba swali hilohilo liliwahi kuwakosesha usingizi wahandisi wa reli duniani.

Mmoja wao alikuwa Mwingereza, Herbert William Garratt. Mwaka 1907 aliwasilisha wazo la injini ya mvuke iliyogawanyika sehemu tatu. Mbele kuna gari lenye magurudumu na silinda zake, nyuma kuna jingine kama hilo, na katikati boila imelazwa juu ya egemeo mbili kama mtu aliyelala kwenye machela iliyobebwa na watu wawili. Wabebaji wakipinda njia, machela inapinda nao. Maji na mafuta vinakaa juu ya yale magari mawili, hivyo uzito unasambazwa kwenye magurudumu mengi na reli nyepesi haiumii. Tena, kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila inaweza kuwa nene na tanuri lake likawa na kina. Injini za kwanza za namna hiyo ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Kenya na Uganda zilipokea za kwanza mwaka 1926.

Zilitufaa sana. Reli yetu ni ya mita moja tu kutoka chuma hadi chuma, inaanza baharini, inapanda hadi Nairobi na kuendelea kupanda. Kwenye tawi la Uganda inavuka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kona ni nyingi, milima ni mingi. Injini ndefu isiyopinda ingetoka relini.

Baba yao wote alikuja mwaka 1955. Kati ya mwaka huo na 1956, Beyer, Peacock waliunda injini 34 za daraja la 59 kwa ajili ya shirika la reli la Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7, magurudumu 28, na uzito wa tani 252 ikiwa tayari kwa safari. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa ya mawe. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima: Mlima Kenya, Kilimanjaro, Gelai, Shengena na mingineyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, tani 1,200 kwa safari moja. Hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hiyo iliyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja.

Kumbe basi, ukitafuta leo mtu anayeijua injini hii msumari kwa msumari, unaweza kumpata Uingereza haraka kuliko Kenya. Huko kuna watu wazima, wengi wao wastaafu, ambao jioni hukaa kwenye meza ya fundi wakiunda injini ndogo za mvuke. Wengine hununua modeli dukani, wakaifungua na kuibadilisha: dohani mpya, tangi refu zaidi, rangi nyingine. Wengine hawanunui chochote ila bamba la shaba, jiliwa, tupa, msumeno wa chuma na lehemu, wakaanza mwanzo kabisa. Daraja la 59 limeundwa na watu hao kwa vipimo mbalimbali. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu michoro ipo. Nyaraka za Beyer, Peacock zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la sayansi na viwanda la Manchester.

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya wazee wenye pesa na wakati. Hebu tuangalie kazi yenyewe kwanza. Mwenye kuunda modeli hawezi kuunda injini kwa jumla tu. Lazima achague injini moja, katika mwaka mmoja. Daraja la 59 lilipotoka kiwandani lilikuwa na dohani ya duara ya kawaida. Baadaye zote zilibadilishwa kwa kufungiwa kifaa cha Mwaustria aitwaye Adolph Giesl-Gieslingen. Kifaa hicho kilitoa mvuke uliotumika kupitia vitundu vidogo vilivyopangwa mstari, kikavuta hewa ya tanuri vizuri zaidi na kupunguza matumizi ya mafuta. Dohani yake ni nyembamba na ndefu kama kabati lililosimama upande. Kwa hiyo ukiweka dohani ya duara, umeunda injini ya miaka ya mwanzo. Ukiweka ya Giesl, umeunda ya miaka ya baadaye.

Chukua pia ndugu yake, daraja la 60, injini nyepesi zaidi zilizokuja miaka ya 1953 na 1954. Hizo zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru vibao vya majina hayo viling'olewa. Fundi wa modeli anapofika pembeni mwa boila lazima aamue: nibandike kibao au niache tundu za misumari yake? Hilo ni swali la historia, na huwezi kulikwepa ukiwa na tupa mkononi. Mwandishi wa kitabu anaweza kuandika "miaka ya sitini" akaenda zake. Fundi hawezi.

Jambo jingine. Daraja la 59 lilisanifiwa liweze kubadilishwa upana wa magurudumu kutoka milimita 1,000 hadi 1,067, kwa matumaini kwamba siku moja reli yetu ingeungana na ile ya kusini mwa Afrika. Muungano huo haukufanyika kwa injini hizo. Lakini nafasi iliachwa kwenye chuma, na anayepima ekseli ataiona. Ndoto ya watawala wa miaka ya hamsini imebaki pale kama milimita 67.

Sasa twende kwenye chuma chenyewe. Kufikia mwaka 1980 injini zote 34 zilikuwa zimeondolewa kazini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na dizeli ilikuwa imeshachukua kazi. Nyingi zilikatwakatwa zikauzwa kama vyuma chakavu. Zimebaki mbili, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai na nambari 5930 iitwayo Mount Shengena, kwenye makumbusho ya reli Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971. Michoro iko Manchester, chuma kilichobaki kiko Nairobi. Cha tatu ni ujuzi wa waliozifanyia kazi, na huo uko vijijini.

Vijana wengi wa Nyanza walikwenda kufanya kazi ya reli. Walikaa Kisumu, walikaa Nairobi kwenye nyumba za shirika kule Muthurwa na Makongeni, walikaa Mombasa. Walichochea moto, walipaka mafuta, walifunga breki, walipiga nyundo karakana. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1970 akiwa na miaka 20 alizaliwa mwaka 1950. Fanya hesabu mwenyewe. Mchoro wa Manchester unaonyesha vali iko wapi. Hauonyeshi vali gani ilikuwa nzito kufungua, wala joto lilimpata mtu upande gani wa chumba cha dereva wakati wa kupanda kutoka pwani. Hayo anayajua mzee aliyekuwa pale, na wazee hawa hatuwahoji. Tunawauliza habari za ukoo na mipaka ya shamba. Injini hatuwaulizi.

Ndiyo maana nasema tuunde. Njia ya kumfanya mzee azungumze ni kumwekea kitu mbele yake na kukikosea. Mwambie "nieleze injini" atasema ilikuwa kubwa, ilikuwa na kelele, basi. Mwekee modeli ya waya yenye tangi mahali pasipo pake, utaona mkono unanyooka: "Hapana mwanangu, hii ilikuwa huku, na hapa palikuwa na ngazi."

Tena kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wetu. Chukua kipimo cha moja kwa ishirini. Kila mita inakuwa sentimita 5, hesabu ya darasa la nne. Upana wa reli unakuwa sentimita 5 kamili. Boila ya daraja la 59 ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.29, hivyo modeli inataka milimita 114. Bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji machafu linalouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, lina milimita 110. Tofauti ni milimita 4, na bati jembamba la kuzungushia linaipunguza. Magurudumu ya kuvutia yalikuwa na kipenyo cha mita 1.37, yaani karibu sentimita 7 kwenye modeli, kama kifuniko cha mtungi wa jemu. Yanahitajika 16 ya ukubwa huo na 12 madogo. Urefu wote ni mita 1.59, kumshinda mtoto wa darasa la tano. Na pini mbili za kuunganisha sehemu tatu? Hizo mtoto wa Rongo ameshazifanyia mazoezi kwenye trela ya miwa.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimu. Modeli hii isiwekewe moto wala mvuke. Boila ya kweli ilibeba shinikizo la ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, na hata boila ndogo ya shinikizo dogo huundwa kwa shaba nene na kupimwa kabla ya kuwashwa. Kopo lililozibwa na kuwekwa jikoni ni bomu. Halafu maumbile hayapungui kwa usawa. Ukigawa urefu kwa 20, uzito unagawanyika kwa 8,000, hivyo tani 252 zinakuwa kama kilo 32 tu, na boila ndogo inapoteza joto upesi kuliko kubwa. Sisi tunachotaka ni umbo na mpangilio, na hivyo havihitaji moto.

Wako watakaouliza kwa nini tuenzi mashine ya mkoloni, iliyoletwa kubeba mali kwenda baharini. Swali ni la haki. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli hiyo na takriban 2,500 walifia huku, na ardhi iliyopitiwa na reli ilikuwa na wenyewe. Lakini mashine hiyo iliendeshwa na watu wetu, ikatengenezwa na watu wetu, na majina ya ile milima ni yetu. Tukiiacha ikumbukwe na wapenzi wa modeli wa ng'ambo peke yao, wataikumbuka kwa uaminifu mkubwa, rangi sahihi na nambari sahihi, na kwenye chumba cha dereva wataweka sanamu ya mtu wasiyemjua jina.

Likizo inayokuja, mwalimu wa sayansi katika shule yoyote kati ya Rongo na Homa Bay anaweza kuanza na bomba moja la inchi nne, waya, vifuniko 28 na mzee mmoja mstaafu wa reli chini ya mwembe. Mzee apewe kiti cha mbele. Watoto wakikosea, awarekebishe, na mmoja wao aandike kila anachosema.