Vipimo vya damu katika inflamesheni ya kibofu nyongo

Vipimo vya damu katika inflamesheni ya kibofu nyongo huwasaidia madaktari kukadiria ukali wa ugonjwa huo, ambao kwa kawaida husababishwa na kijiwe kilichoziba mrija wa kibofu hicho.

Mwongozo wa Tokyo, uliotolewa mwaka 2007 na kurekebishwa miaka 2013 na 2018, unagawa ugonjwa katika ngazi tatu. Seli nyeupe zikizidi 18,000 kwa mikrolita moja ya damu, mgonjwa huhesabiwa kuwa walau katika ngazi ya pili. Ngazi ya tatu ni pale viungo vingine vinaposhindwa kazi: chembe sahani chini ya 100,000, kreatinini juu ya miligramu 2 kwa desilita (figo), au INR juu ya 1.5 (ini). Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha. Hata hivyo mtu mwenye ugonjwa wa figo wa siku nyingi, au anayetumia warfarini, anaweza kuwa na namba hizo kwa sababu nyingine kabisa.

Protini ya CRP, inayotengenezwa na ini, hutumika kuthibitisha ugonjwa ikifika miligramu 3 kwa desilita, lakini haimo katika kupanga ngazi, ingawa mara nyingi huwa juu sana kibofu kinapoanza kuoza.

Wazee na wenye kisukari wanahitaji uangalifu zaidi: kibofu chao kinaweza kuoza huku seli nyeupe zikiwa za kawaida. Kwa hiyo vipimo hivyo husomwa pamoja na ultrasaundi na hali ya mgonjwa mwenyewe.